Mkoa mmoja, zoni mbili

Somo la GIS, yaani mifumo ya taarifa za kijiografia, lilikuwa na sifa mbili pale chuoni kwetu Dodoma: linaleta kazi, na linagawa sapu. Waliotutangulia walikuwa wakiyasema yote mawili kwa pumzi moja, wamekaa kwenye kibanda cha chipsi nje ya geti, na kila mmoja alikuwa na habari za kaka fulani aliyechukuliwa na mradi wa barabara kwa sababu tu alijua kuchora ramani kwa kompyuta. Mimi nilikuwa nasoma mipango. Hesabu nilianza kuzikimbia tangu sekondari. Nilidhani nitafundishwa vitufe: bonyeza hapa, weka rangi pale, chapisha, kwisha kazi.

Vitufe vilifundishwa kweli. Vilichukua sehemu ndogo ya muhula, na leo vingi nimevisahau, maana programu yenyewe hubadili sura kila toleo jipya linapotoka. Kilichonikaa ni kingine, na ndicho ninachotaka kukisimulia: kompyuta haiijui Dodoma. Ukiiambia Dodoma iko baharini itaichora baharini, kwa mistari safi na rangi za kupendeza, wala haitakuuliza kitu.

Mwalimu wetu tulimwita Madam, kama walimu wa kike wanavyoitwa vyuoni. Mwanzoni hakuturuhusu hata kuwasha kompyuta. Alileta ramani za zamani za kipimio cha 1:50,000, zile zenye kontua za kahawia na mito ya buluu, nyingine zimechanika kwenye mikunjo zikaungwa kwa gundi. Kwenye kipimio hicho sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi.

“Ncha ya penseli yako ina unene gani?” alimuuliza kijana aliyekaa mbele.

“Kama nusu milimita, Madam.”

“Hiyo ardhini ni mita ngapi?”

Kijana akapiga hesabu kimyakimya, akafika: 25.

“Basi ukipiga mstari wa mpaka kwa penseli hiyo umeshapita juu ya kiwanja cha mtu, na nyumba yake, na choo chake.”

Tulicheka, lakini Dodoma mzaha wa viwanja hauendi mbali. Huu ni mji uliokuzwa juu ya ramani. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, ikaundwa mamlaka ya ustawishaji, CDA, ambayo ilishika upangaji na ugawaji wa ardhi mpaka ilipovunjwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata, tarehe 26 Aprili, mji ukatangazwa kuwa jiji, huku watumishi wa serikali wakihamia kwa wingi na kila mmoja akiuliza kiwanja. Kaa na familia yoyote ya hapa ikinywa chai, utasikia habari ya mstari uliopita pasipotakiwa.

Programu tuliyofundishiwa ni QGIS. Aliyeianzisha ni Gary Sherman, mwaka 2002. Toleo la 1.0 lilitoka 2009, na hadi leo inatengenezwa na watu wa nchi nyingi na kutolewa bure. Darasani kulikuwa na waliojivunia nakala za kuiba za programu nyingine, ile ambayo ofisi zenye fedha huilipia, na walituangalia sisi wa bure kwa jicho la pembeni. Nakala zao ziligoma kila zilipokutana na intaneti. Sina ugomvi na vitu vya kulipia, lakini mwanafunzi anayesubiri bumu lake liingie hana sababu ya kuanza ujuzi wake kwa wizi wakati kitu halali kipo. Faili la kusakinisha lilikuwa zito kwa bando zetu, kwa hiyo lilisafiri kwa flashi, chumba hadi chumba, pamoja na virusi vyake.

Kazi ya kwanza kwenye kompyuta ilikuwa kuweka nukta moja. Katikati ya jiji la Dodoma ni karibu na latitudo 6.17 kusini na longitudo 35.74 mashariki. Kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa hiyo unaandika -6.17 na 35.74. Madam alitaka tuandike tarakimu hizo kwenye Excel, tuziingize QGIS juu ya ramani ya dunia, halafu tuzivuruge makusudi tuone.

Ukiisahau alama ya kutoa, Dodoma inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ukizipindua, latitudo ikakaa mahali pa longitudo, jiji linaangukia bahari ya Atlantiki, nje kidogo ya pwani ya Tangier kule Moroko, pale mlango wa Gibraltar unapofunguka. Ukiacha sifuri kote kuwili, linazama kwenye Ghuba ya Guinea, mahali ambapo ikweta inakatana na mstari wa Greenwich. Siku ile tulishinda tunaulizana, “Wewe Dodoma yako iko nchi gani?” Makosa ya namna hiyo hayana shida sana, kwa sababu yanajianika yenyewe. Hakuna atakayempelekea mkurugenzi ramani ya jiji lililoko baharini.

Yaliyotutoa jasho ni makosa yanayofanana na ukweli.

Anayepima ardhi hataki digrii, anataka mita. Kwa hiyo dunia imegawanywa katika zoni 60 za mfumo unaoitwa UTM, kila moja na upana wa digrii 6, na ndani ya kila zoni mahali hutajwa kwa mita. Tanzania imekatwa na zoni tatu: magharibi kabisa, Kigoma, ni zoni 35; sehemu kubwa ya katikati ni 36; mashariki ni 37. Mpaka wa 36 na 37 ni longitudo 36 mashariki, nao unapita ndani ya mkoa wa Dodoma. Jiji liko zoni 36. Nenda mashariki kilomita kama 29 kwa mstari ulionyooka, umeshavuka. Kongwa na Mpwapwa ziko zoni 37. Barabarani hakuna kibao wala kizuizi kinachokuambia hivyo, na konda wa basi la Kongwa hajawahi kusikia habari hiyo.

Shida ni kwamba kila zoni inatumia tarakimu zilezile. Mstari wa katikati ya zoni hupewa 500,000. Ukienda mashariki tarakimu inapanda, ukienda magharibi inashuka. Dodoma mjini, ikiwa karibu na ukingo wa mashariki wa zoni yake, inasoma kama 803,000. Kongwa, ikiwa karibu na ukingo wa magharibi wa zoni inayofuata, inasoma kama 214,000. Chukua nukta za Kongwa, iambie kompyuta kwamba ni za zoni 36, itakutii: itazisukuma zaidi ya kilomita 600 kuelekea magharibi, ng’ambo ya Mpanda, upande wa Ziwa Tanganyika. Wenzetu waliosomea Mwanza sidhani kama walipata mateso haya. Mwanza yote iko zoni moja, unaiweka asubuhi na kuisahau. Sisi wa mkoa huu kila faili lazima liulizwe linatoka upande gani.

Hata hilo la zoni unaligundua mwishowe, maana kijiji kilichoruka hadi Mpanda kinaonekana. Baya zaidi ni datamu, yaani umbo la dunia ambalo vipimo vya ramani vinalitegemea. Dunia si mviringo kamili, na kila mfumo wa upimaji huchagua umbo lake la kuikadiria. Ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo alilolikokotoa Mwingereza Clarke mwaka 1880. Setelaiti za GPS, na kwa hiyo simu iliyoko mfukoni mwako, zinatumia mfumo wa WGS84. Tarakimu zilezile zikisomwa kwa mfumo mmoja na kisha kwa mwingine, kwa huku kwetu zinatofautiana ardhini mita karibu 300, zaidi kwa kaskazini na kusini. Mita 300 si Moroko wala Mpanda. Mita 300 ni mitaa kadhaa ya Majengo au Chang’ombe. Na kwa kuwa kila kitu kimesogea kwa pamoja, ramani inapendeza: barabara ziko sambamba, viwanja vimepangika, kona zimekutana. Ila vyote viko mahali pengine.

Darasani tulikuwa na mtu mzima mmoja aliyesoma huku akifanya kazi. Tulimwita Bro kwa heshima, ingawa alikuwa na watoto wa sekondari. Alileta michoro ya viwanja ya ofisi fulani, akaiweka juu ya picha ya setelaiti, na viwanja vilivyopimwa bondeni vikaonekana vimepanda kwenye mawe ya mlima. Madam alikaa kwenye kiti chake, akafungua sehemu ya mfumo wa koodineti, akabadilisha WGS84 kuwa Arc 1960. Viwanja vikateremka vyote kwa pamoja, vikakaa bondeni. Bro alitazama kioo kwa muda. “Na hii ramani watu wameshaitumia,” akasema. Hakuna aliyemjibu.

Kuanzia hapo Madam alikataa kupokea faili lisilo na zoni na datamu kwenye jina lake. Jina la faili likawa refu kama barua, na sisi tukalalamika, na yeye hakujali.

Kuhusu mafaili yenyewe nitasema machache. Muundo uliozoeleka zaidi wa kuhifadhi ramani, shepufaili, si faili moja. Ni lazima yawepo matatu: la maumbo, la fahirisi na la jedwali. Ukibeba moja kwenye flashi ukaacha mengine, umebeba chungu ukaacha mafiga. La nne hushika mfumo wa koodineti, na ndilo watu huliacha nyuma kwanza, kwa kuwa bila hilo ramani bado inafunguka, isipokuwa haijui iko wapi. Jedwali lake nalo lina uzee wake: jina la safu halizidi herufi 10. Niliandika Jina_la_kijiji na Jina_la_kitongoji, zote mbili zikakatwa zikawa Jina_la_ki, na programu ikabadili mwisho wa moja kwa kuweka tarakimu ili kuzitofautisha. Siku hizi QGIS ikianza faili jipya hupendekeza muundo mwingine, GeoPackage, ambao ni faili moja lisilo na ubahili huo wa herufi. Tumia huo. Lakini ofisi nyingi bado watakuletea shepufaili, tena kwa flashi, tena pungufu.

Na majina! Hapa ndipo nilipokonda. Kazi ilikuwa kuchukua jedwali la idadi ya watu na kuliunganisha na maumbo ya kata, na kiungo kilikuwa jina la kata. Kwa mtu, Chang’ombe ni Chang’ombe. Kwa kompyuta, Chang’ombe yenye alama iliyopinda si sawa na yenye alama iliyonyooka, na zote mbili si sawa na Changombe. Makutupora katika jedwali moja ni Makutopora katika lingine. Hombolo Bwawani imeandikwa kwa nafasi mbili katikati ambazo jicho halizioni. Majina ya Kigogo yenye ng’h na nh yameandikwa kila mtu na sikio lake. Ramani inapotoka, kata ambazo majina hayakufanana zinabaki nyeupe, zimekaa katikati ya mji utafikiri hakuna mtu anayeishi humo. Nilitumia usiku mzima kusahihisha moja moja kabla ya mwenzangu kuniambia kwamba kila kata ina namba yake ya kitakwimu, na kwamba ningeunganisha kwa namba ningelala saa tatu. Alikuwa ananiangalia tangu jioni, mtani wangu huyo, hakusema kitu.

Kwenye rangi ndiko nilikopata mshangao mkubwa kuliko kwenye hesabu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma, na ya 2022 ikahesabu 3,085,625, yaani ongezeko la watu milioni moja na ushee kwa miaka kumi. Madam alitupa tarakimu za 2022 za halmashauri zote na kusema tuchore ramani. Tukachora. Kila mmoja alikuwa na ramani tofauti, na hakuna aliyekosea kubonyeza.

Ilitegemea umeigawa vipi. Ukigawanya kwa hatua zilizolingana kutoka ndogo hadi kubwa, jiji lenye watu zaidi ya 765,000 linabaki peke yake na rangi nzito, na wilaya nyingine zote zinafifia kana kwamba ni pori. Ukigawanya ili kila rangi ipate idadi sawa ya halmashauri, sehemu kubwa ya mkoa inaonekana imefurika watu. Ukichora idadi ya watu bila kugawa kwa eneo, wilaya kubwa inaonekana imejaa kwa sababu tu ni kubwa. Ukigawa kwa eneo, ni hadithi nyingine tena. Mkoa mzima una kilomita za mraba 41,311, kwa hiyo wastani ni watu kama 75 kwa kilomita moja ya mraba, wastani ambao hauelezi hali ya Makole pale mjini wala ya mbuga za Bahi.

Kijana mmoja alitumia nyekundu kali. “Umewasha moto mkoani,” Madam alimwambia. “Mheshimiwa akiiona hii ataita mkutano.” Kisha akatupa sharti ambalo mpaka leo nalifuata: ramani ipelekwe steshenari ikatolewe kopi ya rangi nyeusi na nyeupe. Ramani nyingi za ofisini huishia kuwa kopi ya kopi, na nyekundu na kijani vikitoka kwenye mashine vyote ni kijivu kilekile. Rangi moja inayotoka hafifu kwenda nzito inastahimili. Upinde wa mvua haustahimili. Nami nitaongeza la kwangu: mshale wa kaskazini usiwe mkubwa kuliko kata ya Zuzu. Kila aliyejifunza ramani jana huweka mshale mkubwa wenye mapambo, fremu tatu na nembo mbili, halafu barabara zenyewe hazina majina.

Mwishoni mwa muhula tulipelekwa kijiji kimoja upande wa Kongwa. Vijiji hupanga matumizi ya ardhi kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007, na sisi tulikwenda kujifunza hatua ya kuchora: wapi ni makazi, wapi mashamba ya mtama na alizeti, wapi malisho, wapi hifadhi. Ramani ya awali tuliiandaa chuoni kwa picha za setelaiti za Sentinel-2, zinazopatikana bure, ambazo pikseli moja yake ni mita 10 kwa mita 10. Tulichagua picha ya mwezi wa tisa ili kuepuka mawingu. Mwezi wa tisa Dodoma hakuna wingu. Kwa kawaida mvua yetu inaanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili.

Mwenyekiti alitupokea chini ya mti karibu na ofisi. “Mbukwenyi,” akatusalimu, nasi tuliotoka mikoani tukajikanyaga, tukamalizia na shikamoo. Tukatandaza karatasi mezani, tukaweka mawe kwenye pembe kwa sababu ya upepo. Wazee wakakaribia, kina mama wakasimama nyuma yao. Katikati ya ramani tulikuwa tumechora barabara nzuri ya vumbi, pana, inayojipinda kutoka kaskazini hadi kusini. Kwenye picha ilikuwa nyeupe, imeng’aa kuliko barabara nyingine zote.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaweka kidole juu yake.

“Hii ni nini, mwanangu?”

“Ni barabara, mama.”

“Inakwenda wapi?”

Nikafuatisha kwa kalamu, nikamwonyesha inapoanzia na inapoishia. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Hapa tunachota maji,” akasema. “Hili ni korongo.”

Wakatupeleka. Lilikuwa korongo la mchanga mweupe, kavu kabisa, pana kiasi cha kupishana malori, na ndani yake kina mama walikuwa wamechimba mashimo. Chini ya mchanga maji yalikuwapo. Mtu anashuka, anachota kwa kata, anajaza ndoo. Kutoka angani, mwezi wa tisa, mchanga wa korongo na vumbi la barabara vinaakisi mwanga kwa namna moja. Chanzo cha maji cha kijiji kizima sisi tulikuwa tumekipa alama ya barabara ya kupita magari, na kama mpango ungepita vile, kando yake tungeonyesha eneo la maduka, maana ndivyo tulivyofundishwa: biashara hukaa barabarani. Chuoni tulitafuta picha ya Machi ya eneo lilelile. Kingo za korongo zilikuwa kijani tupu na katikati maji yanaonekana meusi. Kutazama picha mbili kungetuchukua dakika chache.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna picha ya mwezi wowote ingelionyesha. Mwenyekiti aliuliza njia ya mifugo iko wapi. Hatukuwa nayo. Kwake hilo lilikuwa swali la kwanza, kabla ya makazi, kabla ya shule, kwa sababu ng’ombe wa kijiji chake na wa kijiji jirani hunywa kwenye korongo hilohilo, na siku njia ikizibwa na shamba la mtu, watu watashikana mashati. Mzee mmoja akaanza kuielekeza: pale penye mbuyu, ukiuacha kushoto, hadi kichuguu kikubwa, halafu inategemea.

“Inategemea nini, mzee?” mwenzangu akauliza, simu mkononi, tayari kupiga nukta.

“Mwaka. Mwaka wa mvua nzuri wanapita juu huku. Mwaka wa njaa wanapita kule.”

QGIS inataka mstari, na mstari hauna upana wala mwaka. Tulibishana jioni nzima. Wengine walisema tuchore njia ya mwaka wa kawaida tumalize. Mimi nilikuwa upande wa waliotaka njia zote mbili zionyeshwe na eneo la katikati lipewe rangi yake, hata kama ramani itachafuka. Madam hakuamua. Alisema tuwapelekee wanakijiji zote mbili kesho wachague. Walichagua ile chafu, kisha wakatuongezea makaburi ya kale ambayo hakuna aliyekuwa ametuambia habari zake siku ya kwanza.

Mwenzangu wa chumbani, aliyetoka Kondoa, alifanya kazi yake ya mwisho kuhusu mmomonyoko wa kwao, ule uliosababisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kuanzishwa mwaka 1973. Alishusha takwimu za miinuko zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, SRTM, akatengeneza kontua na vivuli vya milima vya kuvutia kwelikweli. Mto Bubu ulionekana, mteremko wa kwenda mbuga za Bahi ulionekana. Makorongo aliyoyapanda na kuyashuka utotoni hayakuonekana. Pikseli yake ilikuwa mita 30, na korongo lenye upana wa mita 6 linamezwa ndani yake bila kuacha alama. Nilimkuta siku moja amekaa tu anatazama kioo. “Hapa ndipo alipovunjika mguu ndama wetu,” akaniambia, akionyesha mteremko laini wa kijivu. Aliandika ripoti nzuri, na sura yake ndefu kuliko zote ilikuwa juu ya vitu ambavyo ramani yake haikuvionyesha.

Mtihani wa vitendo ulikuwa faili moja la Excel. Nukta za visima vya mkoa, safu mbili za tarakimu, safu moja ya maelezo mafupi. Zoni haikutajwa, datamu haikutajwa. Wenye haraka waliziingiza zote kwa zoni 36, nusu ya visima ikaenda Katavi, wakaanza kufuta visima “vibovu”. Jibu lilikuwa kwenye tarakimu zenyewe. Zilizoanzia 700,000 kwenda juu hazingeweza kuwa za zoni 37 na bado ziwe Dodoma. Zilizokuwa kwenye 200,000 hazingeweza kuwa za zoni 36. Kwa hiyo faili lilikuwa la zoni mbili zilizochanganywa. Unaligawa, kila nusu unaipa zoni yake, unazigeuza zote kuwa digrii, unaziunganisha tena. Datamu haikuweza kujulikana kwa tarakimu. Ilibidi usome maelezo, utafute kisima kilichoandikwa kuwa kwenye uwanja wa shule au pembeni ya kituo cha treni, ukitazame juu ya picha ya setelaiti. Vyote vilikuwa vimesogea kaskazini mita karibu 300. Arc 1960.

Nilifika hapo, nikabadilisha, nukta zikashuka mahali pake. Ilibaki kupanga rangi, kuweka kipimio na ufunguo, na kuchapisha. Umeme ukakatika. Vifaa vya kuhifadhi umeme vya maabara vilitupa muda wa kusevu tu, kisha vikaanza kulia kimoja baada ya kingine. Madam akasimama gizani akasema ramani hazihitaji tena, atasahihisha kwa kusoma majina ya mafaili.